Anko Anastaafu: Mwongozo kwa Wanaotafuta Mrithi wa Kiti cha Usiku

Alhamisi usiku, saa sita kasoro robo, Anko alipunguza muziki, akakohoa kikohozi chake kilekile, akasema mwisho wa mwezi anaiachia maiki. Hakutoa sababu. Tulisikia kifuniko cha chupa ya maji kikifunguliwa, tukamsikia akimeza, kisha akarudi kwa dereva wa lori aliyekuwa hewani, aliyeharibikiwa na gari mlima Sekenke, wakaendelea na habari ya stata pale walipoiachia.

Ijumaa alfajiri Singida mjini yote ilikuwa na habari. Wauza vitunguu wa Misuna walikuwa nayo. Manesi waliotoka zamu walikuwa nayo. Bodaboda wa stendi walikuwa nayo, na walishaanza kugombana kuhusu nani atafuata. Mtu wa mwisho kuipata alikuwa meneja wa redio mwenyewe. Aliambiwa saa mbili asubuhi na mama anayemuuzia chapati, maana meneja hulala saa tatu usiku, na kipindi kinachoanza saa nne hajawahi kukisikia hata siku moja. Hilo lishikeni vizuri, kwa sababu ndilo nguzo ya mwongozo huu.

Redio yenyewe siitaji. Mkoa wetu hauna redio nyingi kiasi cha kujificha nyuma ya jina, na mimi bado naishi hapa. Ila nimeombwa ushauri kama mdau. Mdau, kwa wasiojua, ni mtu anayeitwa kikaoni, akasikilizwa kwa heshima, akapewa soda, na jina lake likakosekana kwenye karatasi ya posho. Basi nashauri.

La kwanza: msimwamini. Mtangazaji wa usiku akisema anaondoka, huaga kama mgeni wa Kinyaturu: anaaga ameketi, anaaga amesimama, anaaga mlangoni, na ukimsindikiza mpaka njia panda anakumbuka alichokuja kukisema. Wamarekani, ambao biashara hii ya maongezi ya usiku wameifanya tangu 1954 kilipoanza kipindi cha The Tonight Show cha NBC, wanalijua hili kwa gharama kubwa. Jack Paar aliondoka studioni Februari 1960 katikati ya kipindi, amekasirika kwamba wakubwa walimkatia kichekesho chake kuhusu choo. Nusu ya nchi ikadhani ndiyo basi. Haukupita mwezi akarudi, akaendelea kana kwamba alikwenda dukani kununua kiberiti. Jay Leno naye alikabidhi kiti kwa Conan O'Brien mwaka 2009, kwa tabasamu na makofi. Machi 2010 alikuwa amekikalia tena. Conan alidumu miezi saba, na NBC ililazimika kutoa takriban dola milioni 45 ili yeye na watu wake waondoke bila kelele. Kwa fedha hiyo Singida nzima tungekula kuku wa kienyeji, tena mifupa tukaitupa bila kuifyonza.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mrithi, jaribuni kumbakiza mwenyewe. Mambo haya yanawezekana. Leonard Mambo Mbotela alikianzisha kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" katika redio ya taifa ya Kenya mwaka 1966, akaenda nacho zaidi ya nusu karne. Alipofariki Februari 2025 kulikuwa na Wakenya wenye wajukuu ambao hawajawahi kumsikia mtu mwingine akiwauliza swali lile. Hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote: mtangazaji habadilishwi, wanaobadilika ni wasikilizaji. Inachohitaji ni kumlipa Anko mshahara unaoeleweka, na kwa wakati.

Basi tuendelee na njia nyingine.

Undeni kamati. Watu sita wanatosha, na sharti lao ni moja: wawe wanalala mapema. Mchukueni mhasibu, kwa kuwa atauliza kwa nini redio inawasha mitambo saa ambazo hakuna anayenunua kitu. Mchukueni mwakilishi wa wadhamini, mwenye kiwanda cha kukamua alizeti, ambaye tangazo lake husomwa mara nne kila usiku naye hulisikia mchana tu. Wekeni mtu wa Kiomboi, mtu wa Manyoni na mtu wa Ikungi, ili baadaye isisemwe kwamba kila kizuri kinabaki mjini. Mtu wa Itigi atalalamika kwamba amesahauliwa. Mwambieni atafikiriwa awamu ijayo. Malizieni na kijana mmoja anayejua mitandao. Huyu ndiye atakayeongea kuliko wote.

Watu wa kuwakwepa ni hawa: mlinzi wa ghala, nesi wa wodi ya wazazi, dereva wa masafa, mrina asali, mama anayekaanga chipsi stendi mpaka basi la mwisho lipite. Hawafai. Wana upendeleo. Wanakijua kipindi.

Kamati ikishaketi, iandike sifa. Sifa ya kwanza ni sauti, na hapa hakuna mjadala: iwe nzito, itokee tumboni, itetemeshe kikombe mezani. Anko mwenyewe, ni kweli, ana sauti ya kukwaruza kama debe linaloburutwa kwenye changarawe. Hiyo ilikuwa bahati mbaya, na wasikilizaji walimvumilia kwa huruma tu, miaka ishirini na ushei.

Sifa ya pili ni cheti. Hapa sifanyi mzaha, au nafanya kidogo: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake zinataka mwandishi wa habari awe na stashahada. Sheria ni sheria. Ina faida yake pia, maana itawaondolea mapema waombaji wanaosumbua. Yupo kijana wa bodaboda anayepiga simu kila usiku. Akianza kusimulia abiria aliyekataa kushuka, stendi nzima huongeza sauti ya redio. Anko huumwa mara mbili kwa mwaka, na wasikilizaji huuliza kama yule kijana hawezi kushika kipindi mpaka mzee apone. Hana stashahada. Mnaona jinsi cheti kinavyookoa muda.

Sifa ya tatu ni wafuasi mtandaoni. Mwombaji awe nao wengi, na isiulizwe wanaishi wapi. Kama wote wako Sinza na Mbezi, ambako masafa yetu hayafiki, si hoja. Kijana wa mitandao atawaeleza kuhusu "kuijenga brandi". Itikieni kwa vichwa.

Sifa ya nne ilikuwa nzuri sana lakini umeme ulikatika nikiwa naiandika.

Sifa ya tano ni lafudhi. Mrithi aongee kama mtu wa Dar es Salaam aliyewahi kupita Johannesburg. Akitaja Nduguti au Sepuka aitaje kwa kusita, kama anayesoma jina la dawa. Neno "anko" tumelirithi kwa wakubwa: Julius Nyaisanga, aliyetoka RTD akaenda Radio One, nchi nzima ilimwita Uncle J, na alipofariki Morogoro mwaka 2013 jina halikuzikwa naye. Kila redio ya mkoa ikataka anko wake. Lakini kizazi hiki hakitaki anko. Kinataka mtu wa kuitwa "mkali wao", naye aitikie.

Sasa niwahadithie jambo moja ambalo kamati haina haja ya kulijua.

Nimewahi kukaa na Anko studioni usiku mmoja wa Julai. Julai ya Singida mnaijua: upepo unashuka kwenye yale majabali, unavuka ziwa Singidani, ukifika mjini umeshanoa meno. Kuta za studio zimebandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi. Mezani palikuwa na chupa ya chai, miwani iliyofungwa kwa uzi, na kaunta buku nene lililopasuka mgongo. Yeye alivaa koti na soksi, viatu ameviweka pembeni.

Simu iliingia, akaipandisha hewani. Kimya. Si kimya cha mtandao kukata. Ni kimya cha mtu aliyeshika simu, nyuma yake upepo unapiga bati. Mimi nilitazama saa ya ukutani. Mtangazaji wa kisasa angeshasema "haloo haloo, tumempoteza msikilizaji wetu" na kupiga jingo. Anko alikaa. Nikahesabu sekunde tisa, na tisa redioni ni nyingi kama wiki. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekaa kigoda cha pili: "Umekula?"

"Bado, Anko."

"Kuna nini nyumbani?"

"Ugali upo. Na mlenda. Ila niko lindo."

"Mlenda wa kulalia au wa leo?"

Yule mtu akacheka. Wakaongea mlenda dakika nne, akaingia mama mmoja wa Mkalama kueleza namna ya kuupasha bila kuukata utelezi, akaingia mrina asali kutoka misitu ya Itigi, anayenong'ona kwa sababu alikuwa chini ya mzinga na kazi ile hufanywa usiku. Mlinzi hakusema kilichokuwa kinamsumbua. Anko hakumuuliza. Muziki ulipoanza alichukua kalamu akaandika kwenye kaunta buku: tarehe, jina la utani la mlinzi, na maneno matatu, "hajala, muulize kesho". Nikafunua kurasa za nyuma. Kulikuwa na nesi na kilo za mtoto aliyezaliwa saa saba. Kulikuwa na dereva na jina la mwanawe aliyekuwa akingoja matokeo ya kidato cha nne. Miaka mizima ya hayo.

Hilo daftari, kamati, msilihangaikie. Mrithi atapewa tableti.

Turudi kazini. Usaili ufanyike mchana, jua likiwa kali, ili mwombaji aonekane vizuri. Apewe karatasi asome: taarifa ya wizara yenye majina marefu na tarakimu. Asipokosea, ana kipaji cha usiku. Aulizwe anajiona wapi baada ya miaka mitano. Aulizwe wageni wakubwa anaoweza kuwaleta, naye ataje wasanii watatu wa Bongo Fleva ambao kila mwombaji ameshawataja. Asiwekewe simu ya mtu asiyesema kitu. Huo utakuwa mtego, na usaili wa haki hauna mitego.

Hapa ndipo penye hatari, na naomba mnisikilize kama ambavyo hamsikilizi kipindi: wanaokitaka kiti wako karibu kuliko mnavyodhani. Johnny Carson alikikalia kile cha NBC miaka thelathini, akaaga tarehe 22 Mei 1992. Dunia nzima ya vichekesho ilijua anayefuata ni David Letterman, aliyekuwa akishika kipindi cha baada yake katika kituo hichohicho tangu 1982. Wakubwa wakampa Leno. Kisha roho zikawasuta, wakaanza kujiuliza kama hawajakosea, wakaitana kwenye simu kulijadili. Leno akajifungia katika kachumba kadogo pale ofisini, akausikiliza mjadala mzima kuhusu yeye mwenyewe, kila neno, na kesho yake akawaonyesha kwamba anajua nani alisema nini. Kiti hakikumponyoka. Letterman akahamia CBS mwaka 1993. Na Carson, mstaafu, akiwa nyumbani anasoma magazeti, alikuwa akitunga vichekesho na kuvipeleka kwa siri. Kwa Letterman.

Kwetu hakuna kachumba. Kuna uchochoro nyuma ya jenereta. Kabla ya kikao kuanza, mtumeni mtu akatazame. Akimkuta kijana wa kipindi cha alfajiri amechuchumaa na daftari, asimfukuze. Huyo ana hamu ya kazi kuliko wote mliowaita. Akimkuta Anko mwenyewe, mfungulieni mlango aingie, mmpe soda.

Mkishindwa kukubaliana, zipo njia za mkato, nazo nazipitia haraka. Mnaweza kuweka mtu mpya kila wiki: Trevor Noah alipoondoka The Daily Show Desemba 2022 walifanya hivyo mwaka mzima wa 2023, na mwishowe, Februari 2024, wakamrudisha Jon Stewart, yuleyule aliyemtangulia Noah, angalau kila Jumatatu. Mnaweza kufanya kama NTV ya Kenya na The Trend: kutoka James Smart kwenda Larry Madowo kwenda Amina Abdi Rabar, kila mara watu wakinung'unika mitandaoni, kisha wanazoea. Hii naona ni njia ya watu wenye akili, kwa hiyo siipendekezi. Au mnaweza kuua kipindi chenyewe. CBS ilitangaza Julai 2025 kwamba The Late Show, kile alichokianzisha Letterman na kumwachia Stephen Colbert, kitafungwa Mei 2026 bila mrithi yeyote. Walisema ni suala la fedha tu, na wapo ambao hawakuamini. Mhasibu atalipenda sana wazo hili. Mnyang'anyeni maiki.

Au mfanye kama mpira wetu. Singida United ilishuka daraja 2020. Mwaka 2022 timu iliyokuwa ikiitwa DTB ikawa Singida Big Stars. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 ikachukua mizigo yake kwenda Manyara, ikiwa Fountain Gate tupu, na Ihefu ya Mbarali ikahamia kwetu ikawa Singida Black Stars. Uwanja nao ulikuwa Namfua, leo ni Liti. Katika yote hayo sisi mashabiki hatukusogea hata kiti kimoja. Tulinunua jezi tu. Basi kipindi kipeni jina jipya lenye neno "Max" au "Vibes", mbadilishe jingo, mkaone kama mlinzi wa ghala naye ataletewa jezi.

Sherehe ya kuaga ifanyike ukumbini saa nane mchana. Aalikwe kila aliyewahi kuwa kiongozi. Msemaji mkuu awe mtu ambaye hajawahi kusikia kipindi, ili asilemewe na hisia. Ataanza na "huyu mzee wetu", atamaliza na historia ya redio tangu Sauti ya Dar es Salaam ya 1951. Zawadi: cheti chenye fremu, dumu la lita tano la mafuta ya alizeti, asali, jogoo wawili. Kwa watumishi wa umma kustaafu kwa lazima ni miaka 60 na kwa hiari ni 55, na kuna hesabu zake za kiinua mgongo. Anko si mtumishi wa umma. Mgongo wake utainuliwa na wale jogoo.

Msimpe maiki aseme neno. Ataanza kuuliza watu kama wamekula.

Nilipowasilisha haya kwa meneja alinishukuru, akasema mengi yalikuwa yameshafanyika. Tangazo lilikuwa limebandikwa tangu Jumatatu kwenye mlango wa redio, limefunikwa nailoni kwa ajili ya vumbi. Nalinakili hapa kwa faida ya wasomaji: usaili wa mtangazaji wa kipindi cha usiku utafanyika Jumamosi, saa tatu asubuhi kamili. Waombaji waje na vyeti halisi, picha mbili za pasipoti na barua ya serikali ya mtaa. Atakayeonekana anasinzia hatasailiwa.